Pumba za Mpunga Shingoni mwa Baba Mdogo

Kilichonifungisha safari ni simu ya mama mdogo kutoka Bahi. "Baba yako mdogo amepona yale mafua makali. Amenenepa mpaka shingo! Njoo umwone."

Mafua yaliyomlaza mtu wiki mbili hayamnenepeshi. Mwenye diploma ya uuguzi kama mimi, niliyejisomesha mwenyewe na kufanya kazi Omani miaka sita, haambiwi mara mbili.

Saa moja asubuhi niliondoka kwangu Miyuji, Dodoma, kwa gari langu, la jasho langu. Nilifika Bahi mpunga ungali na umande. Majirani walikuwa wakimsifia baba mdogo mashavu.

"Mbukwa, baba!" nikamsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, Mwarabu wetu," alijibu kwa sauti nyembamba, akihema.

Nilimbonyeza shingo. Chini ya ngozi kulichakarika kama pumba za mpunga.

"Huu si unene," nikasema. "Ni hewa. Ugonjwa umelichosha pafu, kikohozi kimelitoboa, sasa linavuja. Twendeni hospitali!"

Kabla ya adhuhuri tulikuwa Dodoma mjini. Daktari alimpiga picha, akanipongeza (nilistahili), akamwekea mpira wa kutoa hewa kifuani. Ncha ya pili ilizama kwenye chupa ya maji sakafuni. Kila akikohoa, mapovu yanapanda.

"Kumbe unene wa mume wangu ni mapovu!" mama mdogo akacheka.

Siku ya nne mapovu yakakoma. Nikawapigia simu majirani Bahi: tundu la pafu limeziba, chinjeni mbuzi! Mama mdogo hakunisikiliza. Alikuwa akimtazama mumewe.

"Mbona anahema kama katoka kukimbia?" Akafunua shuka. "Wewe mwenye diploma, baba yako ameukalia mpira!"

Nilimgeuza upesi. Chupa ikatokota kama sufuria ya ugali, pumzi ikamrudia.

"Huko Omani wagonjwa hawakai?" baba mdogo akaniuliza. Wodi nzima ikaangua kicheko, nami nikapiga simu ya pili kumwokoa mbuzi.

Wiki iliyofuata mapovu yalikoma tena, mpira ukiwa umenyooka. Daktari akapiga picha nyingine, akaridhika, akauchomoa.

Siku tuliyorudi Bahi, majirani walimpa pole kwa kukonda. "Huku ndiko kupona," akawajibu kwa sauti yake nzito ya zamani, na mbuzi akaliwa mchana huohuo.

Diploma yangu bado iko ukutani, na kioo nakifuta mwenyewe. Ila siku hizi nikiingia wodini, kabla sijaisoma chupa, nafunua shuka.