Jina la Mama Thérèse Ukutani

Mimi husema wazi: mtu mkaidi hunichosha. Lakini ukaidi wa Rosine nauvulia kofia.

Rosine ni Mkongo wa Bukavu, anakaa Northfield huku ughaibuni, na kazi yake ni kupima programu za kompyuta kabla hazijatumiwa na watu. Jumamosi alitukuta kanisani Handsworth tukiandaa matanga. Thérèse, mama yake muumini mwenzetu Séverin, alikuwa amefariki Bukavu, naye Séverin, kwa kuwa karatasi zake za ukimbizi bado hazijatoka, hakuweza kwenda kuzika. Ibada ya Jumapili ndiyo ingekuwa kuaga kwake, nao dada zake wangetazama kwa simu.

Programu ya kuonyesha majina ukutani aliitengeneza mume wangu, Bethuel. Wueh, alivyojigamba! Akabonyeza, ukutani pakatokea: Th\u00e9r\u00e8se.

Séverin akainamisha kichwa. "Acheni tu. Hata huku nimeshindwa kumuaga."

"Tuondoe hizo alama za juu," Bethuel akasema kwa haya.

"Hapana, papa," Rosine akamjibu kwa heshima ya kwao. "Na majina ya ukoo wote je? Utayakata yote?"

Akavuta kiti. Alitueleza kwamba é huweza kuandikwa kwa msimbo: mstari ulioinama, u, kisha tarakimu. Lugha ya programu ikiukuta msimbo huo inapaswa kutoa herufi yenyewe. Yetu ilikuwa inautapika mzima mzima.

"Uliijaribu kwa majina gani?"

"Ya kwetu," Bethuel akasema. "Milka, Fiona, Kamau..."

Aki, nilikasirika! Wakenya watupu, utadhani kanisa ni la baba yake.

Rosine akajaribu é, è, ç, hata ua dogo la rangi kama yale ya kwenye simu, ambalo huhitaji misimbo miwili pamoja. Chai yake ikapoa. Nikamwambia twende, akanipuuza. Kumbe programu ya Bethuel ilikuwa inaweka mstari ule mara mbili, kwa hiyo lugha ikadhani ni maandishi ya kawaida. Rosine akaondoa mmoja, kisha akarudia majaribio yote toka mwanzo. Yote! Mimi ningekuwa nimeshafika nyumbani.

Jumapili jina likatokea ukutani: Thérèse. Kwenye simu dada mkubwa akapiga yowe, "Mama yetu huyo!"

Séverin hakuwa ametoa chozi tangu apate habari. Sasa alitembea mpaka mbele, akauwekea ukuta kiganja, akalia.

"Mama," akasema, "nimefika."