Zamu ya Harilal Kuonyesha Kwao

Harilal alipomkabidhi mwanawe Chirag duka la vifaa vya ujenzi pale Mbeya mjini, alidhani sasa atapumzika. Kumbe kupumzika nako ni kazi. Kila asubuhi alijikuta amerudi dukani, anamwelekeza kijana namna ya kupanga misumari, mpaka siku moja Chirag akamwambia kwa upole, "Baba, ukiendelea kusimama hapo nitakuhesabu mteja nikuuzie bati." Harilal akacheka, akachukua kofia yake, akatoka.

Jirani yake Lea, mjane aliyekuwa akiuza mchele, ndiye aliyemvuta kwenye Darasa la Safari na Mila. Lilikuwa darasa la wazee, likikutana kila Jumanne katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu wao, Devota, Mhehe wa Tosamaganga, alikuwa amesomesha jiografia mpaka akastaafu. Aliwafundisha kusoma ramani, ile ya ukutani na ile ya kwenye simu, kusalimia watu kwa lugha zao, na kula ugenini bila kumwaibisha mwenyeji. Kisha kwa zamu, kila mwanafunzi aliwapeleka wenzake kwao.

"Ramani haina harufu," Devota alipenda kusema. "Nendeni mkanuse wenyewe."

Lea aliwapeleka Madibira, na Harilal akapita juu ya kingo za majaruba ya mpunga, viatu mkononi, tope mpaka magotini, amefurahi kama mtoto. Asukile, fundi mstaafu wa kiwanda cha chai, mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, aliwapeleka Tukuyu. Akawalisha ndizi na maharage, kisha akawaongoza nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, yalipo makaburi ya baba na babu yake.

"Hapa ndipo kwetu," alisema. "Kwao mtu ni penye makaburi yake."

Jumanne iliyofuata Devota alitangaza kwamba safari ijayo ni ya mwanafunzi mwenzao, Tumpe. Harilal akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona mimi nimerukwa?"

Devota akababaika. "Sikutaka kukusumbua, Mzee Harilal. Niliona labda..."

"Kwao India, jamani!" Asukile akadakia. "Tuanze kutafuta pasipoti!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Harilal alikingoja kiishe, vile alivyozoea kumngoja mteja mbishi achoke mwenyewe.

"India sijaikanyaga," alisema. "Kwetu ni Iringa. Nimezaliwa pale Uhindini, ghorofani juu ya duka la baba. Tukiondoka alfajiri, mchana tunakula huko."

Asukile akakuna kidevu. Alipouliza, hakuuliza kwa ubaya. "Sawa, ndugu yangu. Lakini makaburi ya wazee wako utatuonyesha wapi? Ninyi si mnachoma?"

Watu wakainamisha vichwa. Devota akagonga meza kumkanya, lakini Harilal alimwinulia kiganja.

"Mwache, Mwalimu. Swali ni zuri. Jibu lake liko Iringa."

Alipofika nyumbani alimpigia simu dada yake Khushbu, aliyebaki Iringa, akamuuliza kama njia ya kwenda mtoni bado inapitika.

"Unataka kuwapeleka kule watu wote hao?" Khushbu akauliza. "Watashangaa."

"Waje washangae. Ndiyo maana ya darasa."

Tumpe alimwachia zamu. Siku ya safari walikodi Coaster, na jua lilikuwa utosini waliposhuka Uhindini. Duka la zamani sasa liliuza simu. Harilal aliwaonyesha dirisha la chumba cha juu alimozaliwa, na ngazi ya mlangoni ambapo wanawake kutoka Kalenga walikuwa wakikaa kunyonyesha watoto na kupiga soga, huku mama yake, Jamna, akiwakatia vitambaa. Mama huyo alikijua Kihehe kabla Kiswahili hakijamnyookea.

"Kamwene!" Devota akamsalimia Harilal kwa mzaha, amjaribu.

Harilal akaitikia, akaendelea papo hapo kwa Kihehe, akauliza habari za watoto, za ng'ombe, za mahindi shambani, za wagonjwa, akarudi tena kwa watoto. Devota alishika kiuno akicheka mpaka machozi. "Huyu anaongea kama marehemu bibi yangu!"

Kutoka hapo wakaenda nje ya mji, wakashuka kwa njia ya vumbi hadi karibu na mto. Palikuwa na jukwaa la saruji chini ya miti, na kimya. Harilal akavua kofia.

"Hapa ndipo tunapowaaga watu wetu kwa moto," alisema. "Mama alifariki wakati wa mvua. Kwetu desturi ilikuwa wanaume peke yao ndio waje huku. Tukiwa njiani tukasikia vilio nyuma yetu. Walikuwa wale wanawake, wateja wake. Wametoka vijijini kwa miguu, wanamlilia kwa Kihehe. Mjomba akataka kuwarudisha. Baba akasema, waacheni, huyo ni mtu wao pia. Basi wakasimama pale, wakalia mpaka mwisho. Majivu yake tuliyatia kwenye maji haya." Akamgeukia Asukile. "Kaburi sina. Nina mto."

Asukile aliteremka taratibu hadi ukingoni, magoti yakimlalamikia, akachuchumaa, akagusa maji, akasema maneno machache ya Kinyakyusa. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nimemsalimia mama," alisema. "Nimemwambia, mwanao tunaye Mbeya, hatumwachi peke yake."

Harilal alimshika Asukile mkono, wakapanda njia pamoja hadi kwenye gari.

Khushbu aliwaandalia chapati, dengu na achari ya maembe. Asukile aliongeza sahani, akaongeza tena, kisha akataka kujua kama achari inaweza kutengenezwa kwa maparachichi ya Tukuyu. Khushbu akamwambia ajaribu mwenyewe, na akiharibu asimtaje.

Jumanne iliyofuata, Devota aliacha kupanga zamu. Aliuliza tu nani yuko tayari. Kaniz, mjane wa fundi cherehani, ambaye kwa miezi mingi alikaa kiti cha nyuma bila kufungua mdomo, akasimama na kutengeneza mtandio wake.

"Mimi nataka kuwapeleka Mbalizi," alisema. "Ni karibu, mnapita kila siku, lakini hamjawahi kuingia kwangu."

Harilal ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza waondoke saa ngapi.