Nilivyokimbia Helikopta Zangu Mwenyewe

Naomba mucheke nikishamaliza. Jumamosi mchana nilikuwa nyumbani, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nikipanga kwa mtandao na wenzangu wa Mbarara vita vya helikopta tunavyocheza kwenye kompyuta. Milima ya mchezo tumeipa majina ya huku, tusipotee. Nikaamuru kwa sauti ya kamanda: za kwanza zipitie Kabingo, zingine zipige Ngarama kabla jua halijazama. Nikasahau kwamba ukuta wetu ni turubai.

Nilipotoka kunyoosha mgongo nikakuta watu wanakimbia na magodoro kichwani. Sisi wa Kivu tunakimbia kwanza, tunauliza njiani. Nikarudi kunyakua kompyuta ikiwa wazi, waya wa masikioni ukachomoka, nikawafuata. Hata mama yangu mzazi nilimpita.

Barabarani nikamuuliza jirani yetu, Mama Neema, tunakimbia nini.

"Helikopta. Zinakuja kupiga Ngarama. Tumesikia mutu anazituma, tena karibu na kwenu."

Kabla sijafunga kompyuta, sauti ya mwenzangu ikatoka kwapani mwangu, mbele ya watu bote:

"Kamanda, uko fasi gani? Tupige Ngarama ao tukungojee?"