Nilimfutia Rehema Simfoni Yake, Nikamwekea Yangu

Kosa langu la kwanza, kabla ya yote haya, lilikuwa kudhani kwamba masikio yangu ni bora kuliko ya watu wengine. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, nikajiamini mwenyewe, nikajipigia makofi mwenyewe. Mjinga mkubwa!

Usinionee huruma. Nisikilize tu.

Mimi ni fundi wa simu hapa Garsen. Muziki sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kusikiliza, spika ndogo masikioni, bisibisi mkononi. Nilianza na simfoni za Ulaya, zile ndefu zinazopigwa na watu wengi kwa pamoja, zilizotungwa miaka mia mbili iliyopita na zaidi. Kisha nikakutana na rekodi za aina ya pekee: simfoni zile zile, ila zimepigwa kwa vyombo vya enzi hizo. Fidla zenye nyuzi za utumbo wa kondoo. Baragumu zisizo na vibonyezo. Filimbi za mti. Ngoma za ngozi zinazogonga kavu, kama mtu anayebisha mlango kwa hasira.

Lo, nikapotea! Ni nzuri, hadi leo sikatai.

Lakini mimi siwezi kupenda kitu bila kudharau kingine. Nikawa naandika mtandaoni, chini ya rekodi za wale wanaotumia vyombo vya kisasa: "Huu si muziki, ni uji." Watu waliosomea kazi hiyo maisha yao yote! Na hakimu wao ni nani? Kijana wa Garsen ambaye hata fidla akiishika hailii, inakoroma.

Anayejua kupiga ni Rehema, binti wa shangazi yangu. Alifundishwa shuleni, na mwalimu wake alipostaafu akamwachia fidla. Hufanyia mazoezi shambani kwao kando ya mto, akilinda mahindi. Husema nyani wa kule wameshaanza kuchagua nyimbo.

Nilimsumbua sana. Nilimwambia nyuzi zake za chuma zinadanganya. Mwishowe nikaenda mwenyewe machinjioni kutafuta utumbo wa kondoo.

"Unapika supu?" akaniuliza mama anayeosha matumbo pale.

"Hapana, mama. Nataka kusokota nyuzi za fidla."

Aliwaita wenzake waje wanione. "Jamani, njooni! Huyu kondoo wake akishachinjwa anaimba!"

Wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Mimi nikawadharau moyoni. Hawajui kitu, nilijisemea. Nikaanika utumbo wangu nyuma ya kibanda, ukavuta inzi wote wa Garsen. Rehema alipouona akaziba pua.

"Kaka, kitu hicho hakigusi fidla yangu. Kwanza kizike."

Aliniudhi. Ndiyo, yeye mwenye fidla ndiye aliyeniudhi! Ona kiburi kilivyo.

Sasa sikia nilichofanya.

Rehema aliitwa mjini Hola kujaribiwa. Okestra moja ya vijana, kundi la kupiga simfoni, ilikuwa inatafuta wapigaji wa kuwapeleka Nairobi kusoma muziki. Kila mmoja angetumiwa rekodi ya kipande cha simfoni kwenye simu yake, ajifunze, kisha akipige pamoja na wenzake siku ya majaribio. Simu ya Rehema ilikuwa kwangu, kioo kimepasuka. Akaniambia, "Kaka, wakituma nipokelee. Usiipoteze, tafadhali. Hii ndiyo njia yangu."

Walituma. Nikaisikiliza kabla yake. Ilikuwa ya vyombo vya kisasa, taratibu, fidla zinatetemeka kama mbuzi mwenye homa. Hivyo ndivyo nilivyosema, peke yangu kibandani, na nikajiona mjanja.

Nikaifuta. Nikaweka rekodi yangu ya simfoni hiyo hiyo, kipande hicho hicho, ya vyombo vya kale. Nikaipa jina lile lile. Nikamrudishia simu na kioo kipya.

Wenye kujua wanajua: rekodi nyingi za aina hiyo hulia chini kidogo, kwa sauti nzito zaidi, kwa kuwa zamani vyombo havikukazwa sana kama leo. Na yangu ilikwenda mbio kuliko ile waliyotuma. Rehema alisikia tofauti siku ya kwanza tu.

"Mbona haikubaliani na fidla yangu? Iko chini."

Hapo ningesema! Mlango ulikuwa wazi.

"Fidla yako ndiyo imepanda sana," nikamjibu. "Legeza nyuzi."

Akalegeza. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naongea kama mwalimu. Wiki baada ya wiki alijifunza kwa rekodi yangu, akakimbia nayo, na mimi nikisikia najivimbisha: nimemwokoa.

Hola tulikwenda pamoja. Ukumbini kulikuwa na vijana wengine wenye fidla, kinanda kimoja, na mama mmoja msimamizi mwenye upole. Alibonyeza kinanda, akawaambia wote walinganishe nyuzi nacho. Rehema akaanza kukaza. Akakaza tena. Nyuzi zilikuwa zimezoea kulegea. Uzi mwembamba kabisa ukakatika, ukamchapa kidole.

Uzi wa akiba hakuwa nao. Kijana mmoja akamwazima fidla yake.

"Shika, dada. Hii haina maneno."

Wakaanza. Loo! Rehema akapiga kwa kasi kama alivyozoea, wenzake wakabaki nyuma. Wakasimama, wakaanza upya. Akajizuia, akapotea. Mara ya tatu akashusha upinde mwenyewe.

"Binti," yule mama akamuuliza, "rekodi tuliyokutumia uliisikiliza?"

"Nimejifunza kwayo, mwalimu. Hii hapa."

Yule mama akaiweka sikioni. Akatabasamu! "Hawa nawapenda sana, ninazo rekodi zao nyumbani. Lakini siyo tuliyokutumia. Nani amekupa hii?"

Kwa hiyo alizijua. Alizipenda. Na wala hazikuwa zimemfanya amdharau mtu. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, nikahisi uso unawaka.

Rehema hakugeuka. "Samahani, mwalimu. Labda nilichanganya mimi."

Nikatazama viatu vyangu. Hilo ndilo ungamo langu halisi, ndugu yangu. Kufuta nilifuta kwa upumbavu. Kunyamaza nilinyamaza kwa makusudi.

Hakuchukuliwa.

Nilikaa na siri hiyo hadi ikanitoa jasho. Nikaenda kwa shangazi, nikawakuta yeye na Rehema wanapepeta mchele, nikasema yote. Shangazi aliweka ungo chini.

"Hao wazungu waliokufa walikupa nini, mwanangu, hata ukamnyima mwenzio aliye hai?"

Rehema akauliza kitu kimoja tu.

"Ulinisikia nikiomba msamaha?"

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Akaingia ndani.

Nilimpigia simu yule mama wa Hola, nikamweleza kosa ni langu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema nafasi zimejaa, na kwamba Rehema akaribie wakichagua tena. Lini? Hajui. Wenzake wako Nairobi wanasoma. Yeye yuko shambani.

Wewe unayesoma hapa, uliyejifunza mwenyewe kitu kizuri halafu kikakuvimbisha kichwa: kitu hicho hakina kosa, mwenye kosa ni wewe. Kipende chako, uwape wengine vyao vikiwa kamili. Na ukishaharibu, sema palepale, mbele ya yule anayebeba lawama yako! Ukweli wa kuchelewa ni nusu ya uongo.

Sasa hivi siandiki tena chini ya rekodi za watu. Mtu akiniletea simu, sigusi kilichomo. Akiniuliza rekodi ipi ni bora, nampa zote mbili asikilize mwenyewe. Rehema amepata nyuzi mpya na amerudi kupiga. Nikifika kwao, anaacha.