Uji wa Kuchujwa

Mtaani walimwita Brashi. Alikuwa fundi rangi, mwanamke pekee kwenye kikosi chao, na dari la kumshinda lilikuwa bado halijajengwa. Sasa mtu kama huyo arudi nyumbani aambiwe kazi yake ndiyo inayomkondesha mwanawe! Jamani, maneno mengine hayamezeki.

Binti yake alikuwa na miezi minane, shingo nyembamba, macho makubwa. Kila akipimwa kliniki, uzito uko palepale. Mama mkwe, aliyebaki na mjukuu mchana, alikwisha toa hukumu: harufu ya rangi imeharibu maziwa ya mama. Mume alikuwa mlinzi wa usiku, mchana yupo nyumbani. Naye, bila hata kuona haya, akasema mwisho wa mwezi mkewe aache kazi.

Brashi alinyonyesha alfajiri, akanyonyesha jioni, na kwa mchana aliacha hotpoti ya uji mzito wenye karanga zilizosagwa. Mtoto anakula hivi, anakonda kwa kitu gani? Akaanza kujinusa mikono kabla ya kumbeba. Hapo ndipo mtu unapopandwa na hasira: mama mzima anaogopa kumshika mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Siku moja rangi iliisha kazini, akarudi mapema, akapitia mlango wa uani. Jikoni mama mkwe alikuwa ameinama juu ya bakuli, anamimina maji ya moto kwenye ule uji, anakoroga, anaongeza. Kisha akauchuja kwa chujio la chai. Maji meupe yakaingia kwenye chupa ya kunyonyea, ambayo chuchu yake ilikatwa ncha kwa mkasi ili ipitishe haraka. Makapi, karanga na yote, akawamwagia kuku. Na kuku wenyewe walivyonona, hata kukimbia hawawezi!

Brashi anaijua rangi iliyozimuliwa kwa maji kupita kiasi. Unapaka kutwa nzima, ukuta uko vilevile. Akaingia, akaishika ile chupa.

Mama mkwe hakushtuka. Alieleza kwamba mtoto hana meno, uji mzito utampalia, tena kijiko kinachosha. Yeye wanawe wote aliwalea kwa chupa. Aliyasema kwa upole, maana aliyaamini. Hilo likamzidishia Brashi hasira. Mtu mwenye roho mbaya ungemfukuza, huyu utamfanya nini?

Brashi alichota uji uliobaki kwenye hotpoti, akakaa chini, akamlisha mtoto kwa kijiko, taratibu. Mtoto hakupaliwa. Alifungua mdomo kabla kijiko hakijafika, akaushika mkono wa mama wenye madoa ya rangi, akauvuta. Akala mpaka bakuli likaisha. Bibi alitazama yote. Mwishowe akasema, sauti imemshuka:

"Basi uache kazi, mwanangu, umlishe hivyo kila siku. Mimi mgongo hauniruhusu."

Sebuleni televisheni ilikuwa inapiga kelele. Mume alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, usingizi keshaumaliza, anatazama mpira. Siku zote hizo mwanawe ananyweshwa maji, yeye yuko hapo, ukuta mmoja tu kutoka jikoni! Brashi akaingia, akamkalisha mtoto mapajani mwa mumewe, akamshikisha yeye kijiko.

"Kesho unalisha wewe. Mimi nina dari la kumaliza."

Mume akamtazama mama yake, amtetee. Mama akamwambia amkalishe mtoto wima, uji usije ukampalia.