Mchi wa Pili wa Mama Shekinah

Asubuhi soko la Sake linapoanza kuchangamka, Sidonie Nyiransabimana tayari ameshika mchi. Anatwanga sombe, majani ya muhogo yanayomlisha tangu akimbie vita. Anapiga mara moja, anangoja kidogo, ndipo anapiga tena.

Mpita njia anadhani mama huyu amechoka. Hajachoka. Kwao Kibabi, milimani Masisi, yeye na bintiye Shekinah walitwanga pamoja kwenye kinu kimoja, mchi mmoja ukipanda mwingine ukishuka. Hata leo anamwachia binti zamu yake, na mchi wa pili umelazwa kando ya kinu, bila wa kuushika.

Mwaka jana watu wenye silaha walivamia kijiji wakati wa kuvuna maharage. Sidonie alimbeba Darius, mdogo wake Shekinah. Hajamwona binti tena.

"Nilimuambia, kimbia, niko nyuma yako," anasema, macho chini. "Kumbe sikukuwa nyuma yake. Ile neno inanikula mu roho."

Hata sasa, pikipiki ikipiga kishindo, mchi unasimama hewani na macho yanamtafuta Darius.

Sokoni wenzake walianza kumwita Mama Darius, kwa wema tu, wasimtoneshe kidonda. Hakuitikia. Wengine wakanuna, eti anaringa. Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

"Nikiitikia ile jina, ni kusema nimemuzika mutoto," anasema. "Na akifika hapa kuuliza Mama Shekinah, nani atamuonyesha kwangu?"

Juzi dereva wa lori aliyetoka Walikale alisimama kununua sombe, akamtania: "Mama, iko musichana kule Kibua anatwanga kama wewe. Anapiga, anangoja. Munangojaka nani?"

Sidonie alidondosha mchi. Dereva hakuwa ameuliza jina la msichana.

Sasa anataka kwenda Kibua kujionea. Barabara ina vizuizi vya wenye bunduki. Anaogopa njia, na anaogopa zaidi kufika akakuta ni mtoto wa mwingine. Hata hivyo, Jumapili baada ya ibada atapanda lori. Darius atabaki kwa Nadine, jirani yake sokoni, aliyekuwa wa kwanza kumwita Mama Darius.

"Dada, kama tunapishana mu njia, na mutoto anafika hapa kuniuliza, utasema nini?" Sidonie anamuuliza.

Nadine anashika mchi wa pili, anaufuta vumbi kwa kitenge chake, na kuuegemeza kwenye kinu.

"Nitasema ni hapa kwa Mama Shekinah. Akae, atwange. Mama yake iko njiani."