Matawi ya Kilio Mbele ya Nyumba Yetu

Siku umeme ulipokatika nchi nzima, mwanangu alikuwa chini ya ardhi. Ninaanza na hilo kwa sababu wengine wakisimulia siku ile wanasimulia samaki walioharibika kwenye friji na simu zilizozimika. Mimi sikuwa na samaki. Nilikuwa na mtoto mmoja wa kiume, ameshuka mgodini zamu ya asubuhi, na lifti inayowapandisha inataka umeme kama nyumba zetu.

Hapa Kapata kukatika kwa umeme hakutushtui. Unaenda, unarudi. Nilikuwa ninachekecha unga wa bukari, ugali wetu, redio ya jirani ikanyamaza, nikaendelea kuchekecha. Kilichonisimamisha mkono ni mashine za mgodi. Mlio wao tunaamka nao na kulala nao, hata hatuusikii tena. Sasa niliusikia, kwa sababu haukuwepo.

Sijanawa hata unga mikononi, wanawake wakaingia kwenye lupango, ua wa nyumba yetu. Mbele alikuwa jirani yangu anayeuza makala, mkaa wa kupikia, analia na kunivuta nikae.

"Mama, ikala chini. Batu ya chini balikufa. Hewa iliisha."

Wengine nyuma yake walikwisha kuanza kutoa viti na meza nje. Kwetu kilio kikiingia nyumbani ndivyo inavyokuwa: vyombo vinatoka, mfiwa anakaa kwenye mkeka, hapiki, hatoki nje ya lupango, na wanawake wawili wanamshika mikono asije akajidhuru. Ni desturi nzuri. Mimi mwenyewe nimewashika wengi. Siku ile walinishika mimi.

"Nani alikuambia?" nikamuuliza.

"Mama, usiulize sasa. Lia kwanza."

"Sitalia. Nani alikuambia?"

Wakanishika zaidi. Mmoja akasema chinichini, "Mumuache aseme tu. Ni uchungu iko inasema."

Hapo nikajua nimefungwa. Nikisema mwanangu hajafa, ni uchungu. Nikinyamaza, ni uchungu. Nikijaribu kusimama niende mgodini, mikono inanirudisha kwenye mkeka kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kupigwa. Mkwe wangu, mke wa huyo mwanangu, alikuwa amelala kifudifudi pembeni yangu. Yeye alikwisha kuamini. Huko nje vijana wa avenue, barabara yetu, walikuwa wamekata matawi mabichi na kuyapanga barabarani mbele ya nyumba, ili kila anayepita ajue pana kilio na apunguze mwendo.

Ndipo mjukuu wangu akaingia. Ni binti wa huyohuyo mwanangu, na kazi yake ni kukusanya habari za Kapata kwa ajili ya redio ya mtaa, ambayo ilikuwa inazungumza kwa jenereta. Alipiga magoti mbele yangu, mimi bibi yake, Kambo wake.

"Kambo, redio inataka majina ya bale balikufa. Nitume ya papa, ao nisitume?"

Simu alikuwa nayo mkononi, tayari kuandika. Mtoto huyu anatakiwa aandike kifo cha baba yake. Na jina la mtu likishatangazwa kati ya wafu, nani atashuka tena kumtafuta?

"Ulisikia kwa nani?"

"Kwa batu batano. Ku redio, hata babili banatosha."

"Na bale batano, kila mutu alisikia kwa nani?"

Akatazama majina kwenye simu. "Sikubauliza."

"Enda ubaulize. Mi siwezi kutoka, unaona. Usiulize kama ni kweli, kila mutu atasema ni kweli. Uliza: wewe ulikuwa wapi, na macho yako iliona nini?"

Akaenda. Nikabaki katikati ya wanawake na joto lao. Walikuwa wanaimba. Wimbo wa kilio ninaujua tangu utoto, na nikajikuta mdomo wangu unaufuata. Nikajikuta pia ninafikiria atavikwa shati gani. Hilo ndilo lililoniogopesha. Mtu ukikalishwa kwenye mkeka, mkeka wenyewe unakufundisha kuamini.

Mjukuu akarudi, anahema.

"Kambo, bote batano balisikia kwa mama wa makala. Na habari ya kutoka mjini, ile redio ilisema ni ya hakika, ni motari mumoja alipita hapa na pikipiki yake. Aliona majani yetu mu barabara, akaenda kusema kule."

Maana yake redio ilikuwa inatuletea kilio chetu wenyewe.

Mama wa makala alikuwa ameshika mkono wangu wa kushoto. Nikamgeukia.

"Wewe, macho yako iliona nini?"

Akaacha kuimba. "Niliona ambulansi inatoka ku mugodi. Na banamuke banalia ku mulango."

"Ndani uliona mutu?"

"Iko na rido, kitambaa ku dirisha, mama. Ningeona je?"

"Na hewa?"

"Mashine ikisimama, hewa itashuka na nini?"

Hakusema uongo. Bwana wake alifia mgodini zamani, na tangu siku ile haoni ambulansi iliyo tupu. Lakini hata hivyo sikufunguka. Kutojua kwamba amekufa si kujua kwamba ni mzima, na ambulansi ile kweli ilitoka.

Mjukuu akatoka tena, akarudi na mwanaume mmoja wa zamu ya mwanangu, aliyepanda kwa ngazi za chuma. Magoti yalikuwa yamechubuka, tope mpaka kwenye nyusi. Wanawake walipomwona wakalia zaidi.

"Ulimuona mutoto wangu?"

"Nilimuacha kule, mama. Alikuwa anakula mukate na benzake. Shefu alisema tungoje. Mi sikungoja, woga ilinikamata, nikapanda."

"Hewa iko?"

"Pale nilikuwa, ilikuwa. Kwake sasa, sijue."

"Ni muzima?"

"Wakati nilimuacha. Sasa, sijue, mama."

Nilimwamini. Mtu anayekuja kukudanganya hakuambii "sijui" mara mbili, wala hajisemi mwenyewe kwamba alikimbia akaacha wenzake.

"Bamama, muniachilie," nikasema. Na kwa mjukuu: "Toa ile majani. Ambia redio kuna mutu alimuona muzima, anakula. Baseme ni nani alimuona. Na bamutafute."

Mkwe wangu akainua uso. "Mama, na kama unajidanganya?"

"Nitarudia hapa ku mukeka."

Nikaenda kukaa kwenye kiti kilichokuwa nje. Hakuna aliyekuja kukaa karibu nami.

Jua lilikuwa linateremka mwanangu alipotokea kwa miguu na wenzake waliopanda ngazi pamoja, mweusi kwa tope. Akasimama, akaangalia viti nje na wanawake wamejaa nyumbani kwake.

"Mama, nani alikufa?"

"Wewe," mama wa makala akamjibu, machozi hayajamkauka. "Tulikuwa tunakulilia muzuri, njo unakuja kutuharibia."

Alicheka, kisha akaona mke wake bado yuko kwenye mkeka, ameshindwa kusimama, akaacha kucheka. Akainama kwake.

Mjukuu alikuwa anaandika kwenye simu. Nikamwambia anisomee. Aliandika kwamba wachimbaji wote wametoka salama.

Nikamwita mwanangu. "Bote, ulibaona?"

"Ba kwetu, ndiyo. Ba chini zaidi, hapana. Ngazi ya kule ilikuwa mu maji."

Mjukuu akaniangalia, akafuta neno "wote", akaandika upya. Wale wa chini zaidi walikuwa bado hawajapanda, na umeme ulikuwa bado haujarudi.